Mashine Iliyoombwa kwa Majina

Nyanya yangu wa Wamagana hakuhesabu watoto. Kwetu mtoto hahesabiwi, wala mbuzi. Ukimnyooshea kidole ukasema huyu ni wa nne, umemwitia mauti. Karani wa sensa alipomuuliza ana wajukuu wangapi, alimtajia majina yetu mmoja mmoja, polepole, mpaka karani akachoka kuandika. "Jumla ufanye wewe," akamwambia. "Sisi tuko hapo wote."

Mimi ni wa nyumba hiyo. Na wacha nijisifu, maana nilichofanya Nyeri mjini miaka ile ya sabini nilikifanya kwa malezi hayo, si kwa kisomo. Najua, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Lakini kwetu hatugemi.

Chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa kilikuwa kimenunua kompyuta iliyokwisha kutumika Nairobi: makabati marefu kama ya nguo, yaliyojaza chumba kizima. Nairobi waliipozea hewa kwa mitambo. Sisi Nyeri tulifungua dirisha tu. Kazi yake ilikuwa kukusanya uzito wa kahawa ya kila mkulima na kumchapia karatasi yake. Zamani kazi hiyo ilipelekwa Nairobi, na mama yangu, mwenye miti yake ya kahawa pale Wamagana, alingoja karatasi hadi msimu mwingine, nayo ikija ina kilo za mtu mwingine. Kwa hiyo nilipoajiriwa kuandika programu nilitembea mjini kifua mbele. Nilikuwa na haki.

Tuliandika kwa lugha ya mashine yenyewe, kwenye kadi za kutobolewa. Programu haikuweza kujisomea kadi wala kuchapa mstari. Ilibidi iuombe mfumo, yaani ile programu kubwa iliyotawala mashine, na kila ombi lilikuwa na nambari yake. Mwenzangu, kijana wa Kutus aliyekaa mtaa wa Skuta, alizijua nambari hizo zote kwa kichwa, na alizitumia hivyo hivyo. Mimi zilinikaa kooni. Kazi nzito kama ile, uiite kwa nambari? Nikatoboa fungu dogo la kadi, kila kadi na ufafanuzi wake: SOMA ni nambari hii, CHAPA ni ile, FUNGA ni ile nyingine. Fungu hilo nililitanguliza mbele ya kila programu niliyoandika. Baada ya hapo, nikitaka kuchapa naandika CHAPA, na asembla, programu iliyotafsiri kadi zetu, ilijitafutia nambari.

"Ati dada, unabatiza mashine?" mwenzangu alinicheka. "Unaharibu kadi bure. Hiyo mashine haijui Kiswahili."

"Mimi najua," nikamwambia. "Na mwandishi ni mimi."

Msimu ukiwa umeanza, watengenezaji wa mashine wakatuletea tepu ya mfumo mpya. Wa zamani, walisema, hawataushughulikia tena. Tukaupakia mpya, na programu zetu zote zikafa. Kumbe nambari za maombi zilikuwa zimebadilishwa! Ukiomba kusoma kadi, mashine inarudisha tepu nyuma. Ukiomba kuchapa, inasimama tu.

Wakubwa wa ushirika kule Nairobi, waliotufanyia kazi hiyo zamani, walikuwa wakingoja neno kama hilo. Programu zitaandikwa upya, wakasema, na zitaandikiwa Nairobi, na mashine itarudi huko. Lori likaagizwa. Mwenzangu akaanza kufungasha vitu vyake. Mimi nilimwaza mama yangu akirudi kungoja, nikashikwa na hasira.

"Nipe leo na kesho," nikamwambia mkubwa wetu.

"Haiya! Programu zote hizo?"

"Sitagusa programu. Nitagusa fungu moja tu."

Nikaketi na kitabu cha mfumo mpya, nikatoboa upya kadi za ufafanuzi. CHAPA ikabaki CHAPA. Kilichobadilika ni nambari iliyokuwa nyuma yake. Nikazipitisha programu kwenye asembla moja baada ya nyingine, nazo zikaamka. Ikabaki ya mwisho, ya kuchapa karatasi za wakulima, na hiyo pekee ilikuwa ya mwenzangu, nambari tupu toka juu hadi chini. Hakubishana, Mungu ambariki. Alivuta kiti. "Haya dada, leta hayo majina," akasema, na tukaipekua kadi kwa kadi, yeye akitaja ombi, mimi nikitoboa.

Lori lilifika kabla hatujamaliza. Vijana wa kubeba wakaingia na kamba, na nyuma yao afisa wa Nairobi mwenye tai.

"Zimeni," akaamuru.

"Ngoja ichape kwanza," nikasema bila kuinuka. "Isipochapa, utaizima mwenyewe."

Nikaingiza kadi za mwisho. Kisha mtambo wa kuchapa ukanguruma, karatasi ikaanza kupanda: wakulima wa upande wa Wamagana, jina kwa jina, kilo kwa kilo. Mama yangu alikuwemo, na kilo zilikuwa zake. Nililia, ndiyo, mbele ya afisa, na sikujifuta.

Afisa alisoma ukurasa wa kwanza, akasoma wa pili. Akauliza tumeandika upya programu zote lini. Mwenzangu akamwonyesha fungu langu, jembamba la kushikwa kwa mkono mmoja, akamweleza. Afisa akalegeza tai.

"Nasi Nairobi tumepakia mfumo huo mpya," akasema taratibu. "Programu zetu ni nambari tupu. Zimelala zote."

Tukamtobolea nakala, na mwenzangu akamwonyesha jinsi ya kuweka jina penye kila nambari. Lori liliondoka tupu, kamba zimekunjwa nyuma, na kadi zangu zikiwa mapajani mwa afisa.

"Mkikwama huko," nikampigia kelele kutoka mlangoni, "pigeni simu Nyeri!"

Jumatatu asubuhi walipiga.