Sukari ya Mdogo Wangu katika Faili Langu

Mdogo wangu alipofiwa na mume kule Pangani alibaki na minazi michache na ugonjwa wa sukari. Bima hakuwa nayo. Mimi nilikuwa nayo, kwa kuwa mwanangu ameajiriwa na aliniandikisha kama mzazi wake. Mama mdogo hamo katika orodha hiyo. Nikampa kadi yangu. Tumefanana tangu utotoni, na picha ya kwenye kadi ni ya mwanamke aliyejitanda ushungi hadi karibu na nyusi.

"Hapa umekunja uso kama umenyimwa ubwabwa," aliniambia siku ya kwanza, akiigeuza kadi mkononi. "Haya, na mimi nitakunja hivyo hivyo."

Tulicheka. Niliona nimetoa sadaka. Nafundisha wanawake Kurani hapa Makorora, Tanga, baada ya alasiri, na habari za amana nimezisomesha mara nyingi, lakini hili la kadi nilikuwa nimeliita jambo la nyumbani.

Miaka kadhaa ilipita salama. Yeye alitibiwa Pangani kwa jina langu, akijichoma sindano asubuhi na jioni, na dawa akiihifadhi kwenye chungu cha maji isiharibiwe na joto. Mimi nilitibiwa presha hapa Tanga. Faili la huko halikujua la huku. Kadi ilikuja na kurudi kwa mtu wa basi.

Siku moja muuguzi wa hapa, binti mchangamfu, alinipokea kwa furaha.

"Shikamoo, bibi. Mafaili yameunganishwa! Ukipimwa Pangani sisi tunaona, na wao wanaona ya kwetu. Watu wa sukari ndio watakaopona zaidi, maana madaftari wanayapoteza kila siku."

"Marahaba. Alhamdulillahi," nilisema, nikaikodolea macho kompyuta yake.

Alikuwa ameshanichoma kidole. Akatazama kipimo, akatazama kompyuta. "Mbona huko unachoma sindano mara mbili kwa siku, na hapa sukari yako kama ya msichana?"

Ningeweza kusema pale pale. Badala yake nilisema, "Mwenyezi Mungu ndiye mponyaji, mwanangu."

"Basi uniombee na mimi, bibi." Akacheka, akaandika.

Uongo nimewahi kusema, Mungu anisamehe, lakini sikumbuki mwingine niliouvika jina lake. Nilirudi kwa miguu, na siku ile nilitia udhu mara mbili kwa sala moja.

Mwezi uliofuata mdogo wangu alipiga simu. Daktari wa Pangani alikuwa ameona vipimo vizuri vya Tanga, akahofia sukari isije ikamshuka bibi anayelala peke yake. Alimpunguzia dawa kwa nusu.

"Dada, afya yako inaniponza," alisema akicheka.

"Ungemwambia kwamba yako inapanda."

"Halafu akiniuliza vile vya Tanga ni vya nani?"

Nilimwambia awe na subira, itakaa sawa inshallah. Ukweli ni kwamba niliogopa kadi kufutwa, na niliogopa mwanangu kuitwa kazini kwake ajieleze. Ile ilikuwa hofu. Mimi niliiita subira, na yeye akanitii kwa sababu mimi ni mkubwa wake.

Kisha akakanyaga kipande cha kifuu cha nazi uani. Hakusikia maumivu, kwa hiyo hakutazama. Jirani ndiye aliyesikia harufu.

Nilipofika Pangani nilimkuta wodini, mguu umevimba hadi kwenye ugoko, vidole viwili vimekuwa vyeusi. Nilishukuru kumkuta anaongea. Daktari, mwanamke wa makamo, alikuwa anasoma kompyuta na kutikisa kichwa. Alisema haelewi: Tanga vipimo karibu vyote ni vizuri, Pangani mguu unaoza.

"Vipimo vile vizuri ni vyangu," nilisema. "Mgonjwa ni huyu. Kadi nilimpa mimi."

Aliiacha kompyuta, akanigeukia. "Kwa hiyo nilimpunguzia dawa yeye kwa damu yako."

Hakupaza sauti. Ningeona nafuu kama angepaza. Kompyuta haikukosea, ilibeba kile tulichoipa, ikakifikisha. Alichapisha orodha ya vipimo vyote, akatupa kalamu. "Nitajieni kila kimoja ni cha nani. Vinginevyo sijui namtibu nani."

Tukaanza, vichwa vyetu pamoja juu ya karatasi.

"Hiki changu," alisema mdogo wangu. "Hiki cha dada. Hiki changu, ilikuwa baada ya Idi, nilikula halua, sikatai."

Kikabaki kimoja. Kilitoka Tanga, cha karibuni, na kilikuwa juu sana.

"Hicho si changu," alisema. "Mimi Tanga sijawahi kupimwa."

Nikakumbuka. Asubuhi ile nilichomwa kidole nikaondoka mbio bila kungoja majibu, nikawahi maziko ya jirani. Hakuna aliyeniita nirudi. Katika faili lile nilikuwa mgonjwa wa sukari wa siku nyingi, na kipimo cha juu hakikumshtua mtu.

"Ulikuwa umekula, bibi?" aliuliza daktari.

"Nilikuwa nimefunga sunna. Ilikuwa Alhamisi."

Akavuta kiti, akachukua kisindano. "Nipe kidole."

Tulingoja watatu. Mashine ilipolia, daktari aliitazama, akaandika kwa jina langu. Kisha akachukua karatasi mpya na kuandika jina la mdogo wangu, mara ya kwanza katika hospitali ile, na chini yake: kukatwa vidole viwili, kesho asubuhi. Akanisogezea niweke saini kama ndugu wa mgonjwa.

"Na cha dada kimesoma ngapi?" aliuliza mdogo wangu kutoka kitandani.

"Tumalize lako kwanza, mama," alisema daktari.