Ulimshuku Nani?

Tangu riwaya yake ya kwanza ya upelelezi iteuliwe kuwania tuzo mbili, mpangaji wa chumba cha juu huwapangia wageni visahani sita kandokando ya keki, na jioni huviondoa vikavu. Simu ikilia, hujifuta vidole kwanza.

"Hongera, kaka!"

"Ahsante, dada. Ulimshuku nani?"

"Niko kazini, nitakupigia."

Wote hongera, msomaji hakuna. Jana alimshushia keki bibi mwenye nyumba, asomaye kwa kidole, ukurasa mmoja kwa siku.

"Bibi, unamshuku nani?"

"Mpishi! Mtu akataye vitunguu bila chozi, huyo si mtu. Nimefika ukurasa wa kumi na moja, usinivurugie."

Mpishi anauawa ukurasa wa kumi na mbili. Mwandishi akalimeza hilo, akavuta kigoda.

"Hebu nieleze vizuri, bibi. Vile vitunguu."