Cheka Kidogo Aliyenunua Wino Kwanza

Mtaani kwao ukiulizia jina lake la kwenye kitambulisho utaishia kuangaliwa tu. Ulizia studio ya Cheka Kidogo, utaonyeshwa kwa kidole: kati ya duka la dawa na fundi viatu, mlango wa bluu, pazia la maua. Jina hilo alijipa mwenyewe bila kujua. Kwa miaka ishirini na sita, kila aliyeketi kwenye kile kiti chake cha kuzunguka aliambiwa kabla ya kamera kulia: "Cheka kidogo." Wa pasipoti hawatakiwi kucheka, lakini nao aliwaambia hivyo hivyo, halafu akawaambia wanyamaze, na picha ikatoka na uso wa mtu aliyetoka kufurahi sasa hivi. Maneno hayo aliyatoa wapi hakuna aliyewahi kumuuliza, na yeye si mtu wa kujieleza bila kuulizwa.

Balaa lilianzia kwenye printa. Ilikuwa printa ndogo ya picha, ya utepe wa rangi, na utepe na karatasi zake vilikuja pamoja katika pakiti moja. Huwezi kuchanganya na za kampuni nyingine hata ukipiga magoti. Siku alipoinunua muuzaji aliisifia rangi, kasi na wepesi, na yeye akauliza kila kitu isipokuwa jambo moja: pakiti zitapatikana mpaka lini? Miaka minne baadaye waliokuwa wakizitengeneza wakaacha. Printa nzima, haina hata mkwaruzo, chakula hakuna. Akabaki na karatasi kumi na moja, akazifungia kabatini pamoja na yale mashuka yake mazuri.

Kwa wateja angejua la kufanya. Upande wa pili wa soko kuna studio kubwa. Unapeleka leo, unafuata baada ya siku tatu, mteja ananung'unika na maisha yanaendelea. Shida ilikuwa mama yake mzazi, aliyekuwa akiishi naye katika vyumba viwili vya nyuma ya studio.

Mama alikuwa na miaka themanini na moja, na watu walikuwa wakimtoka kichwani mmoja mmoja. Waliobaki walibaki kwa sababu ya albamu. Mgeni akija, awe mjukuu, shemeji au jirani wa zamani, Cheka Kidogo alimpiga picha pale pale, akaitoa ikiwa bado ina joto, akaandika nyuma jina na uhusiano, akampa mama mkononi huku mwenye sura yake amekaa mbele yake. Mama aliangalia picha, akaangalia mtu, akaangalia picha tena, na kitu kikashika. Picha ya kwenye simu haikufaa: aliigusa, ikaruka, ikaja nyingine, akaogopa. Ya baada ya siku tatu ndiyo kabisa, maana mgeni ameshakwenda zake na karatasi inakuwa ya mtu baki. Tena sura hazitulii. Mjukuu mmoja alifuga ndevu, akaingia bila taarifa, mama akamtoa mbio kwa ufagio kwa sababu wa kwenye albamu hakuwa na ndevu. Ilibidi apigwe picha upya akiwa bado anahema.

Cheka Kidogo mwenyewe, mama hakumjua tena. Alimwita mpiga picha. "Huyu mpiga picha ana adabu," aliwaambia wageni, "sijui ni mtoto wa nani." Cheka Kidogo alicheka pamoja na wageni, akasema walau amepandishwa cheo nyumbani kwake. Lakini ilimuuma. Ilimuuma hasa asubuhi, akimfunga vifungo vya gauni na mama akamwambia asante kwa sauti ile anayoambiwa nesi. Basi alijikaza, kwa kuwa alikuwa na printa ya kutafuta.

Mdogo wake wa mwisho, anayefanya kazi mbali na anayejua kila kitu kilichotoka juzi, akampigia simu.

"Dada, kuna moja mpya inatoa picha kwa sekunde kumi. Unaituma kwa simu tu."

"Wino wake unauzwa wapi?"

"Aa, dada, lazima twende na wakati."

"Sijakuuliza wakati. Nimekuuliza wino."

Akaenda mwenyewe kwenye duka kubwa lenye mlango wa kioo. Muuzaji mwenye tai alimpeleka moja kwa moja kwenye ile ile ya sekunde kumi.

"Hii ndiyo ya mwisho kutoka, mama."

"Nionyeshe wino wake."

"Wino tunaagiza."

"Kutoka wapi?"

"Nje."

"Nje hapo mlangoni?"

Muuzaji alicheka peke yake. Cheka Kidogo alishashika njia.

Alikwenda kwa fundi wa mashine anayeitwa Daktari, kwanza kwa sababu anavaa koti jeupe ili wino usimharibie shati, pili kwa sababu hakupi jibu siku hiyo hiyo. Chumba chake kilijaa printa zilizokufa, zimepangwa kwa aina mpaka karibu na dari. Cheka Kidogo akapata wazo, akajiona mjanja kweli kweli. Akahesabu maiti. Aina moja zilikuwa ishirini na tatu, nyingine tisa, nyingine mbili tu.

"Hii ndiyo imara," akasema, kidole kwenye zile mbili. "Nachukua hii."

Daktari akavua miwani. "Dada, hizo mbili ni zilizofika kwangu. Nyingine watu wamezitupa jalalani, maana hazina kipuri wala wino. Hizi ishirini na tatu unazozikimbia ndizo duka langu la vipuri. Ya aina hii ikiumwa asubuhi, jioni iko kazini."

"Kwa hiyo niliyoitaka ingeniua."

"Isingekuua. Ingekuacha mjane."

"Hiyo nimeshazoea," akasema, na wote wawili wakacheka mpaka koti la Daktari likafunguka kifungo.

Hata hivyo, maneno ya fundi mmoja hayakumtosha. Alishauziwa mbuzi kwenye gunia mara moja. Akaandika kwenye kikaratasi wino wa zile printa aina tatu za kwa Daktari, akaanza kuzunguka vile vijiduka vya madaftari na kalamu, kuanzia sokoni mpaka karibu na hospitali. Kila duka alinunua penseli moja, asionekane mpotezaji wa muda wa watu, halafu akaulizia wino na kuangalia mikono ya mwenye duka. Akisema "ngoja nitazame," akapotea nyuma na kurudi akipangusa vumbi kwenye boksi, Cheka Kidogo alichora alama ya mkasi. Akisema "ilikuwepo," mkasi. Akinyoosha mkono rafuni bila hata kuinua macho kutoka kwenye gazeti, alichora duara. Alirudi nyumbani na penseli kumi na nne. Printa iliyopata duara kumi na moja ilikuwa ile nyeusi ya matangi ya wino, nzito, yenye sura mbaya, ile ile ya maiti ishirini na tatu. Karatasi zake zilikuwa za kampuni yoyote ile.

Daktari alikuwa nayo moja nzima karakanani, akamtolea picha mbili za uso wake yeye Daktari, moja kwa wino wa kampuni na moja kwa ule wa rahisi wa chupa zisizo na jina. Cheka Kidogo akazibandika kwenye kioo cha studio upande wa jua, wiki tatu. Wiki ya pili ikiisha, Daktari mmoja alishaanza kuwa wa kijani, na wapita njia wakawa wanaulizia kama amelazwa. Mwenzake alibaki vile vile, si mzuri si mbaya, kama alivyo siku zote.

Wiki hizo tatu kabati la mashuka lilivuja. Kitukuu alizaliwa, karatasi mbili. Jirani wa zamani akapita, moja. Yule wa ndevu akanyoa, karatasi nyingine, na akasemwa na ukoo mzima kwenye simu. Zilipobaki mbili, utepe ukakwama, ukachanika, na huo ndio ukawa mwisho. Siku mbili baadaye akaja mdogo wake mama, kutoka mbali, baada ya miaka mitano. Wakakaa pamoja kutwa nzima wameshikana mikono, mama anamwita kwa jina lake la utotoni, wanacheka mambo ya shambani kwa baba yao. Kamera ilipiga, lakini hapakuwa na cha kumshikisha mama mkononi. Asubuhi ya pili, mgeni ameshaondoka, mama akanyanyua kitambaa cha kichwa alicholetewa.

"Mpiga picha, hiki ni cha nani?"

"Umeletewa na mdogo wako, mama."

"Nina mdogo?"

Cheka Kidogo alivaa viatu, akaenda kwenye kijiduka cha karibu, akanunua chupa za wino wa kampuni za kutosha mwaka mzima. Kisha ndipo akaenda kununua printa. Aliyemuuzia alimwona anaingia na mfuko wa wino wa mashine ambayo hana, akadhani amekuja kurudisha.

Daktari akaja mchana kuifunga. Mama alikuwa kwenye kiti chake cha pembeni, albamu mapajani. Picha ya kwanza ikawa ya yule mdogo wake. Ikaandikwa nyuma, ikakaa tayari kwa siku atakayorudi. Kisha Daktari akataka kujaribu rangi za sura kwa mtu aliyepo.

"Tumpige nani?" akauliza.

"Huyo mpiga picha," mama akasema kutoka pembeni. "Kila mtu yumo humu, yeye tu hayumo. Ananiogesha, ananilisha, na mimi simjui ni nani."

Miaka mitatu Cheka Kidogo alikuwa ametoa picha ya kila aliyeingia mlango ule wa bluu, hata ya fundi viatu. Yake haikumjia akilini hata siku moja. Picha ni ya wageni, na yeye si mgeni.

"Kaa," Daktari akamwambia, akachukua kamera.

Akakaa kwenye kiti cha kuzunguka.

"Cheka kidogo," Daktari akasema.

Hakuweza. Alikuwa amekunja uso kama mtu anayesubiri sindano. Picha ikatoka taratibu, mstari kwa mstari, na Cheka Kidogo akaandika nyuma jina lake la kwenye kitambulisho, na chini yake: binti yako. Akachuchumaa mbele ya mama, pale pale alipowakalisha wageni wote.

Mama akaangalia picha. Akamwangalia yeye. Akaangalia picha tena.

"Huyu ni wa kwangu," akasema. "Tangu mdogo, akiona kamera ananuna." Akanyoosha mkono akamshika kidevu. "Cheka kidogo, mwanangu."

Akacheka, na machozi yakamtoka pamoja na kicheko, na Daktari akainama kukagua waya ambao haukuwa na tatizo lolote. Mama akaitia picha mfuko wa kwanza wa albamu, akaipapasa ikae sawa. Kisha akatazama huku na huku.

"Na yule mpiga picha yuko wapi? Hajanywa chai yake."

"Ameenda kununua wino, mama."

"Mwambie asichelewe."