Nilipiga besi kwenye bendi ya blues ya Waholanzi Riyadh, nyumbani wakiamini nimeacha muziki

Wakuu, salaam kwenu, wa karibu na wa mbali.

Miaka yote humu mimi ni msomaji tu, naingia nasoma natoka. Juzi nikakuta watu wanabishana kama kuna Mtanzania aliyewahi kupiga muziki Saudia enzi zile mafuta yalipopanda. Wengi wakasema haiwezekani. Inawezekana, nilikuwepo.

Nitaandika kama ilivyokuwa. Jina la bendi na la kampuni naweka kapuni, wenyewe wengine wako hai. Pale nilipofanya ujinga nitasema nilifanya ujinga.

Mimi ni mtu wa Tanga, Ngamiani. Ujanani nilikuwa Mombasa, mchana fundi wa mafriji na viyoyozi, jioni mpiga gitaa la besi kwenye bendi ya hoteli.

Siku moja tunatoka kwenye onyesho, mwimbaji wetu akafa kwa ajali. Dereva wa gari lake alikuwa amelewa. Mimi nilikuwa gari la nyuma yao.

Mama alipanda basi kutoka Tanga akanifuata. Alinishika mkono, akasema, "Rama, niapie." Nikaapa kwamba muziki basi. Gitaa nikamwachia mwenzangu, na nilikuwa na nia ya kweli kabisa.

Kaka yangu Salim wakati huo yuko Jeddah, mtaa wa Mahjar, fundi wa magari. Mtu wa msikitini, maneno machache. Ndiye aliyenitafutia contract kwenye kampuni ya ujenzi ya Waholanzi iliyokuwa Riyadh. Mji mzima ulikuwa kreni na vumbi. Ukiwa na mikono inayojua kitu, hukosi kazi.

Kazi yangu ilikuwa viyoyozi vya compound yao, yaani makazi yao yenye ukuta, mtaa wa Malaz. Kule ukikatika ubaridi mwezi wa saba, wanakuita kama wanaita daktari.

Sasa siku moja nikaitwa bwalo la chakula. Nafika, naona si kiyoyozi, ni kinanda cha umeme, kikubwa kama kabati. Pembeni amesimama mtu mzima mmoja mrefu na gitaa, anaitwa Kees, mpima ardhi wa kampuni. Mwenye kinanda ni mtunza stoo, Wim, anakaribia kulia.

"Kilisafiri salama," Wim akaniambia kwa Kiingereza, "lakini kimeharibika. Hakilingani na gitaa."

Nikamwambia apige. Nikasikiliza kidogo, nikamwambia hakijaharibika. Umeme wa kwao na wa Riyadh hauna mapigo sawa. Wa Riyadh una kasi zaidi, kwa hiyo mota ya ndani inakimbia na sauti yote inapanda.

"Imepanda nusu toni tatu na kachembe," nikasema. "Wewe shusha vidole nusu toni tatu, na wenye magitaa wakaze nyuzi kidogo. Mtakutana."

Wakajaribu. Wakakutana.

Kees akanigeukia. "Hiyo kachembe umeisikia kwa sikio?"

"Kwa sikio."

"Basi wewe si fundi wa viyoyozi tu."

Nikabeba begi langu la spana nikaondoka haraka.

Nieleze kidogo hii bendi, maana bila hivyo hamtaelewa kwa nini niliwahurumia.

Kees na Wim waliianzisha wakiwa vijana, mji wa bandari huko Uholanzi. Wanapiga blues, ule muziki wa huzuni wa Wamarekani weusi. Kuna wakati wimbo wao mmoja ulipigwa redioni mpaka watu wakawa wanawasimamisha barabarani. Walijaza kumbi mpaka Ujerumani.

Kisha ikaja disko. Kumbi zikaona afadhali sahani za santuri kuliko watu watano wenye jasho. Wenzao wakaondoka mmoja mmoja. Kees akarudi kwenye upimaji, Wim akawa anapanga maboksi. Lakini bendi hawakuifunga. Kees aliniambia baadaye, "Kila mwaka tulisema huu ndio wa mwisho, na kila mwaka tukaona aibu kuwa wa kwanza kuondoka."

Kampuni ilipopata kazi Riyadh, Kees alikuja, akamvuta Wim. Wakapata mpiga ngoma, injinia kijana wa hapohapo kazini, na mpiga besi anaitwa Piet. Bendi iliyokuwa inakata roho kwao ikafufukia jangwani.

Walipiga kila Ijumaa baada ya alasiri, ndani ya bwalo, madirisha yamezibwa kwa magodoro sauti isitoke mtaani. Familia zote za compound zinakaa chini na juisi zao. Baada ya miezi, watu wa compound nyingine wakaanza kuomba nafasi.

Kisha mke wa Piet akajifungua huko kwao, naye akavunja mkataba akarudi.

Kees akaja kwenye karakana yangu, akaweka gitaa la besi mezani. Nikamweleza yote, ajali, mama, kiapo. Alisikiliza kofia mkononi.

"Samahani," akasema, "sikujua." Akatoka. Lakini gitaa akaliacha.

Wakuu, lile gitaa lilikaa mezani siku nne. Siku ya tano nililishika ili nilifute vumbi. Huo ndio ujinga wenyewe, kwa sababu nilijua vizuri kwamba siendi kufuta vumbi.

Nilipiga nao karibu miaka miwili, na sitadanganya, nilikuwa na furaha. Blues haina mambo mengi kwa mpiga besi, unatembea tu, ila ukitembea vibaya kila mtu anaanguka.

Tatizo lilikuwa barua. Namwandikia mama habari za joto, kazi, swala, futari ya Ramadhani. Ijumaa siigusi. Salim akiniuliza kwenye simu mbona alasiri ya Ijumaa sipatikani, namwambia nalala. Nikawa naogopa hata simu ikilia. Ukidanganya mara moja inabidi ukumbuke ulidanganyaje, na mimi kumbukumbu yangu si nzuri.

Ndipo tukaalikwa Jeddah. Waholanzi wa kule walikuwa na compound kubwa karibu na bahari, wanataka bendi Ijumaa alasiri. Kees alifurahi kama mtoto. Tangu wimbo wao ulipopigwa redioni kule kwao hakuna mji uliowaita kwa jina.

Salim nikamwambia nakuja Jeddah kikazi, nitapita kumsalimia.

Enzi hizo mgeni kutoka mji mmoja kwenda mwingine lazima uwe na barua ya kafili, yaani mwajiri aliyekudhamini. Karani wa kampuni akatuandikia barua moja ya watu wanne, na hakuna kati yetu aliyeisoma.

Tuliondoka Alhamisi baada ya swala ya alfajiri. Mchana tukafika kituo cha ukaguzi baada ya Taif, pale wasio Waislamu wanapogeuzwa wapite barabara ya kuzunguka wasiingie Makka. Askari akachukua barua na ikama zetu, vile vibali vya kuishi. Akaita majina, Kees, Wim, mpiga ngoma.

"Piet," akaita.

Karani alikuwa ameandika jina la Piet badala ya langu.

Askari akaniangalia, mimi mweusi kama chungu. "Wewe ndiye Piet?"

Wim alianza kucheka akajizuia. Mimi sikucheka hata kidogo. Ikama yangu inasema fundi wa viyoyozi, kwenye barua simo, na miguuni pangu kuna gitaa. Kwa macho ya askari, huyu ni mtu anayefanya kazi nje ya kafili wake. Hilo ni ndege ya kurudi kwenu, halas.

Nikashushwa nikakalishwa benchi la ndani. Kees akapiga simu kampuni, ofisi zimefungwa, kule enzi hizo wikiendi ni Alhamisi na Ijumaa. Askari akawaambia wao watatu waendelee, barua yao iko sawa. Kees akakaa kwenye benchi kando yangu.

"Bwana, nenda," nikamwambia. "Watu wanakusubiri."

"Nimeshaondokewa na watu wengi kwenye hii bendi," akasema. "Mimi siondoki."

Wim naye akaja akakaa. Mpiga ngoma akabaki kulinda gari.

Mkubwa wa kituo, mtu mzima mpole, akasema ataniachia nikipata mtu mwenye ikama safi wa kunidhamini mpaka Jumamosi kampuni ifungue. Ningemwita nani? Ninaye mmoja tu.

Nikapiga simu duka la jirani wa Salim kule Mahjar, akaitwa. Nikasema, "Kaka, nimezuiwa baada ya Taif. Njoo na ikama yako." Hakuuliza kitu.

Alifika baada ya muda wa saa tatu hivi, na pikapu yake, bado ana grisi mikononi. Mkubwa wa kituo akampokea, akamwonyesha gitaa kwa kidole. Kiarabu chake nilikielewa vizuri. "Huyu nduguyo ni fundi au mwanamuziki?"

Salim akisema fundi, atakuwa amedanganya kwa ajili yangu, yeye ambaye hajawahi. Akisema hajui, nimekwisha.

Aliliangalia gitaa, akaniangalia mimi, akawaangalia wale wazungu wawili wamekaa kwenye benchi na vumbi lao.

"Ni fundi wa kampuni hii," akasema. "Na gitaa anapiga tangu utoto. Hawa ni wenzake. Mimi ni kaka yake, niandike."

Mkubwa akaandika. Salim akatia sahihi. Basi.

Wenzangu walipita barabara ya kuzunguka, sisi tukawafuata nyuma tusipotezane. Salim aliendesha mpaka taa za Jeddah zikaonekana.

"Muda gani?" akauliza.

"Karibu miaka miwili."

"Na mimi uliniambia unalala."

Nikalia kidogo, nikiangalia dirishani. Hakuniambia ninyamaze.

Kesho yake yeye mwenyewe ndiye aliyenipeleka kwenye ile compound. Nilidhani atanishusha aondoke. Akaegesha, akaingia, akakaa kiti cha mwisho karibu na mlango, mikono magotini, kama mtu aliye kliniki.

Tulipiga vizuri sana. Kees aliimba amefumba macho. Mwisho watu walisimama, na nilimwona Wim anafuta uso kwa kitambaa cha meza.

Kwenye gari Salim akasema, "Ule wa polepole, yule mzee alikuwa analalamika nini?"

"Anaomba arudi nyumbani, ila anaogopa hawatamfungulia mlango."

Akaendesha kidogo. "Mwandikie mama. Wewe, siyo mimi."

Nikaandika kurasa sita. Nilisubiri majibu wiki saba, nimekonda.

Hayakuja kwa barua. Ilikuja kaseti, mama amejirekodi kwa redio ya jirani, kuku wanasikika nyuma. Nitaandika alichosema kama ninavyokumbuka:

"Rama, umenidanganya na nimekasirika, hilo ujue. Lakini mimi nilikuwa naogopa ulevi na gari za walevi. Huko unakopiga, kuna pombe?" Hapo akanyamaza, kama anasubiri nijibu. "Salim kanitumia salamu, anasema mnakunywa juisi. Basi piga. Ila usinidanganye tena, mimi ni mtu mzima."

Niliisikiliza nimesimama. Kisha nikakaa chini sakafuni, mgongo ukutani. Usiku huo nililala kama sijawahi kulala.

Baadaye mafuta yakashuka bei. Miradi ikasimama, mikataba haikurudiwa. Mpiga ngoma akaondoka, kisha Wim, kisha Kees. Tuliagana uwanja wa ndege, Kees akasema sasa imekwisha kweli. Mimi nikabaki mwaka mmoja, nikarudi Tanga nikafungua karakana. Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo, na mara nyingi aliniambia nimpigie gitaa wakati anachambua mchele.

Kees tulipotezana. Nilishaanza kumwombea kama marehemu. Mwaka jana binti yangu akamtafuta mtandaoni, akaniletea simu, naona uso mzee wenye miwani.

"Uko hai," nikamwambia.

"Na bendi pia," akasema. "Disko imetangulia."

Waliporudi kwao walikaa kimya miaka, kisha watu wakachoka na muziki wa mashine wakaanza kuwaita tena. Kumbi ndogo, vichwa vyeupe, vijana wachache. Wim mikono inamtetemeka, anapiga nyimbo tatu tu halafu anapumzika. Kees anaimba amekaa.

Nilichojifunza, wakuu, si kikubwa. Miaka miwili nilijiona namlinda mama. Kumbe nilikuwa najilinda mimi, na sikumpa hata nafasi ya kuuliza swali moja alilokuwa nalo. Kama una jambo umelificha nyumbani, wape nafasi watu wako waulize swali lao. Huenda ni dogo kuliko unavyodhani.

Waliokaa Malaz au Mahjar miaka ile, karibuni mnisahihishe nilipokosea. Na wapiga besi mliomo humu jitokezeni, sisi huwa hatuonekani.