Mwewe, Kogo na Fundi wa Pawa

Juzi jirani yangu alileta fundi akate mti. Mara tu pawa iliponguruma na harufu ya mkaratusi mbichi ikaingia dirishani, nilijikuta nimesimama katikati ya chumba, ufagio mkononi. Pawa, kwa wasioijua, ni ule msumeno wa injini. Wengine harufu hiyo huwakumbusha dawa ya kifua. Mimi hunikumbusha nyanya yangu, tuliyemwita Kogo, na mwewe wake.

Nasema wake, ingawa angenisikia angenifukuza jikoni.

Tulikaa karibu na Roret, kwenye shamba la chai lililoanzia mlangoni na kuishia mtoni. Nyuma ya jiko la Kogo palikuwa na mkaratusi mrefu, na juu kwenye panda yake mwewe wawili walikuwa wamejenga kiota cha vijiti, kikubwa kama karai. Walikuwa ndege wazuri jamani: mgongo mweusi, kifua cheupe, na mkia mwekundu kama udongo wa barabara yetu. Kogo hakuona uzuri wowote. Alifuga kuku wa kienyeji, na kila vifaranga walipoanguliwa aliwapaka ile dawa ya vidonda ya zambarau, akiamini kwamba mwewe akiona kifaranga wa rangi hiyo atadhani ni kitu kingine na kupita zake. Basi uwanja wetu ulijaa vifaranga wa zambarau wakikimbizana, na wageni walitushangaa.

Mwewe hawakudanganyika kila mara. Kifaranga mmoja akinyakuliwa, Kogo alisimama uwanjani na kutukana kwa Kikipsigis, kisha akarudia kwa Kiswahili ili majirani waliotoka upande wa ziwa nao wasikose. Mwishowe alitangaza mbele ya akina mama wa kanisa kwamba mti ule lazima uanguke, na kwamba mwanawe, yaani baba yangu, akikataa, basi yeye hana mtoto. Na Kogo akishasema jambo mbele ya watu, hakuna aliyewahi kumsikia akilibadilisha. Baba akauahidi mti kwa kiwanda cha chai uwe kuni, akaanza kutafuta fundi.

Nilikuwa darasa la sita, na mwewe wale nilikuwa nimewapenda kupita kiasi. Mjomba, aliyekuwa askari wa msitu huko Londiani, alikuwa ameniachia darubini iliyobaki na jicho moja zima. Baba naye alizoea kuacha simu nyumbani akienda kuchuma majani, akiogopa isinyeshewe. Nikagundua kwamba nikiibana kamera ya simu kwenye lile jicho zima, nikaegemeza vyote kwenye dirisha la banda la ng'ombe na kuzuia pumzi, kiota kinakuja karibu kabisa. Picha nyingi zilitoka na ukungu, au nusu ya bawa, au kidole changu. Chache zilitoka sawa. Kiotani mlikuwa na kinda mmoja, mwili wote pamba tupu, na uso wa mzee aliyekosewa heshima. Nilimwona akijifunza kusimama na kuanguka kifudifudi, nikacheka peke yangu mpaka ng'ombe akageuka. Lakini niliona pia kwamba manyoya yake ya kurukia ndiyo kwanza yanachomoza. Fundi akija mapema, kinda angeanguka na mti.

Nilimlilia baba. Akaniambia bila ukali kwamba mti ni wa mama yake, niongee naye. Nikaipeleka simu jikoni. Kogo alifuta mikono kwenye leso, akaishika simu mbali na uso kama wazee wanavyofanya, akatazama. Ilikuwa picha ya mwewe jike akimrarulia kinda nyama ya fuko, vipande vidogo vidogo, amemwinamia. Kogo alitazama mpaka kioo kikazima, akaniambia nikiwashe tena. Kisha akaniuliza yule mama mwenyewe anakula saa ngapi. Nikasema sijamwona akila. Akanirudishia simu na kunituma maji. Nililia njia nzima ya mtoni, maana niliona nimeshindwa.

Fundi alikuja Jumamosi asubuhi. Aliitwa Ouma, kijana mwembamba aliyekaa kwenye nyumba za kiwanda, pawa begani. Anga lilikuwa safi, lakini kwetu hiyo ni habari ya asubuhi tu. Mchana mvua hushuka, na kwenye mteremko wa utelezi hakuna fundi mwenye akili anayeangusha mti mkubwa karibu na nyumba. Ndiyo maana Ouma alikuwa amewahi.

"Kula kwanza, kijana," Kogo akamwambia. "Hii mti haina miguu."

Ouma akanywa chai. Alipoinuka, akaambiwa kuku ameshachinjwa kwa ajili yake. Hapo akawa hana la kufanya, kwa sababu kwetu, na kwao vilevile, mgeni aliyechinjiwa kuku haondoki kabla hajamla. Akaketi tena, akitupia mawingu jicho. Siku hiyo kuni za Kogo zilikuwa mbichi, na jiko lilitoa moshi kuliko moto. Kogo hakuwa na haraka. Alimwuliza Ouma habari za mama yake, za shangazi zake, za ng'ombe wao, kisha akarudi kwa mama. Mimi nilikaa mlangoni nimevimba kwa hasira. Nilimwona akimkaribisha kwa heshima zote mtu aliyekuja kumuua ndege wangu, na chakula kilipoandaliwa hatimaye, firigisi, ambayo miaka yote ilikuwa ya baba, ikawekwa kwenye sahani ya Ouma. Baba aliitazama ikipita, akamtazama mama yake, kisha akainamia sahani yake, mabega yakimtikisika kidogo. Nikadhani anasikitika.

Ouma alikuwa ananawa mikono tone la kwanza lilipogonga bati. Mara ikawa mvua ya mawe. Akafunika pawa kwa gunia, akasema ana kazi ya miti upande wa Kaplong, kama alivyotuambia tangu mwanzo, atarudi akiimaliza.

"Ni Mungu anapanga," Kogo akasema, akimfungia paja la kuku la njiani.

Alipokuja kurudi, wiki kadhaa baadaye, kinda alikuwa ameruka. Ninayo picha yake ya siku ile, ina ukungu, lakini mimi naiona vizuri. Mti ukaangushwa, kiota kikiwa kitupu, na Kogo akasimama akipiga makofi mbele ya akina mama walewale wa kanisa.

Kwa miaka nilisimulia jinsi mvua ilivyomwokoa mwewe wangu. Hata kanisani nilitoa ushuhuda. Mpaka nilipoolewa na kufuga kuku wangu, siku moja nikiwa nachagua wa kumchinjia mgeni, mkono wangu ukasimama hewani. Siku ile jogoo wachanga walijaa uwanjani, wale wa kuiva mara moja. Kogo aliwaacha wote, akamkamata mtetea wake mzee, kipenzi chake, aliyemlinda dhidi ya mwewe miaka mingi, na ambaye nyama yake ilikuwa ya kushinda motoni. Na kuni kavu zilikuwa zimejaa darini. Baba hakuwa anasikitika. Alikuwa anajizuia kucheka.

Niliposafiri kumwona, nilimwuliza. Alikuwa anachambua mboga, hakuinua kichwa.

"Nilikuwa nimesema mbele ya watu," akasema. "Ungetaka nifanye aje?"

Nikaketi kando yake, nikachambua naye. Nilikuwa nimedhani picha yangu haikumgusa. Kumbe wakati mimi nalia njiani kwenda mtoni, yeye alikuwa ameshaanza kufikiria ni kuku yupi.