Folda Yangu ya Siri Ilivyosomwa na Ofisi Nzima

Kisiwa cha Anzwani kilipojitenga na Komoro na meli zikasimama, mke wangu Zainabu alikwama kwao Mutsamudu, kisiwani humo, nami nikabaki Moroni naungua kwa wivu. Tuhuma zangu niliziandika kwenye kompyuta ya ofisi tuliyotumia sote, katika folda ya siri inayolindwa kwa nywila. Nilitunga hata programu ndogo ya kukagua kama ulinzi umewashwa kabla sijaandika. Kumbe fundi mimi niliiagiza itazame tu kama folda ipo, si kama imefungwa! Kila siku ikanijibu “tayari”, nami nikaandika peupe, wenzangu wakisoma.

Safari za meli ziliporudi, siku moja nilimkuta Zainabu ofisini, kitini pangu, wenzangu wamemzunguka, akisoma kwa sauti: “Nasikia kuna mwanamume wa mji wa Patsy anayekuletea ndizi…”

Akaniangalia. “Baba Fatima, huyo si kaka yangu Saidi? Ndiye aliyeniozesha kwako!”