Neno Nililomwongezea Fundi Yonasi

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nimekaa mezani kwangu katika mtaa wa Songo, mjini Uvira, na kalamu mkononi, hasira zimenijaa mpaka maharage yakaungua jikoni. Ningeinuka kuyatazama, labda barua ile ingebaki nusu. Lakini niliimaliza. Ninyi mnaojenga siku hizi na kugombana na mafundi, nisikilizeni, maana jambo hili hata watoto wangu niliwasimulia wakiwa wamekwisha oa.

Nilikuwa mama kijana, uhuru ukiwa bado mpya. Mume wangu alikuwa karani kwenye maghala ya bandari ya Kalundu, na tulikuwa miongoni mwa wachache mtaani waliovuta maji hadi nyumbani. Aliyetufungia bomba alikuwa Fundi Yonasi wa Mulongwe, mtu wa makamo, mpole, mwenye karatasi ya ruhusa yenye mhuri wa serikali tangu siku za Wabelgiji. Alichimba, akalaza bomba kando ya ukuta wa jikoni, akaweka robine ya kufungulia maji uani. Majirani walikuja kutazama maji yakitoka, na mimi, nisifiche, nilivimba kichwa.

Haikupita miezi mingi, ukuta ukaanza kulowa. Nyumba ilikuwa ya matofali mabichi, na unyevu ulikuwa unapanda. Kila asubuhi niliweka kiganja ukutani, na kila asubuhi mahali pakavu palikuwa pamepungua. Watoto wangu wawili walilala upande wa pili wa ukuta ule. Nilikuwa na haki ya kulalamika, hilo silifuti hata leo.

Kutoka Songo hadi Mulongwe ni kutembea tu. Ningefunga kitenge changu, niende nimwambie Fundi Yonasi ukuta unalowa. Sikwenda. Nilikuwa nimesoma kwa masista, Kifaransa changu kilikuwa safi, nikaona kumfuata fundi kwake ni kujishusha. Nikaandika barua kwa buro ya serikali iliyompa ruhusa. Shemeji yangu aliyekuwa akifanya kazi humo alinitahadharisha kwamba malalamiko ni mengi, na barua isiyo na uzito inalala tu kabatini. Basi nikaipa uzito. Nikaandika kwamba Fundi Yonasi ameharibu kazi kwa makusudi, ili nyumba za raia zianguke. Sikuwa na ushahidi wowote. Nilitaka tu barua yangu isomwe kabla ya nyingine.

Ikasomwa, mwanangu, lakini si na yule niliyemwandikia. Hazikupita wiki tatu, waasi wakaja kutoka upande wa bonde la Ruzizi, wakauchukua mji. Wakubwa wa serikali wakakimbia. Mume wangu akavuka kwenda Burundi, kwa sababu makarani walikuwa wanatafutwa. Mimi nikabaki, maana mtoto mdogo alikuwa na surua. Mji haukutulia. Watu walitembea wakigeuka nyuma. Ukisikia gari, unaita watoto ndani. Wenye diploma na karatasi za serikali walizichoma jikoni. Na waasi wakakaa katika buro ileile, wakafungua makabati, wakaanza kusoma malalamiko ya raia, ili ionekane kwamba wao wanawasikiliza watu.

Aliyeniletea habari alikuwa mke wa Fundi Yonasi mwenyewe, Mama Elisa. Alikuja mchana, kitambaa amekifunga kichwani ovyo, kiti nilichompa hakukikalia. Mume wake alikuwa amechukuliwa na waasi jana yake. Walisema ni adui wa raia, na asubuhi inayofuata watamhukumu uwanjani. Kila mtu Uvira alijua hukumu za uwanjani zinavyoisha. Kisha akanitazama.

"Mama Sifa, wanasema iko barua yako. Minye sijui kusoma. Niambie weye, bwana yangu alikufanya nini?"

Nilimjibu kwamba ukuta umelowa. Akayarudia maneno hayo polepole, ukuta umelowa, akatoka bila kuaga.

Baada ya hapo sikuweza kukaa chini. Nilifagia ua, nikaufagia tena. Nikinyamaza, mtu atauawa kwa maneno yangu. Nikienda kusema nilidanganya, je, wakiniuliza mume wangu yuko wapi? Nilifungasha nguo za watoto niende kwa mama yangu kule Sange, nikazifungua, nikazifungasha tena. Mwishowe niliwaacha watoto kwa jirani, nikaenda buro. Usinisifu. Sikuwa shujaa, niliogopa tu kukutana na Mama Elisa akiwa mjane.

Komanda wa waasi alikuwa kijana, nadhani mdogo kuliko mimi. Fundi Yonasi alikuwa sakafuni karibu na mlango, mikono imefungwa kamba nyuma, uso umevimba. Barua yangu ilikuwa mezani.

"Ni weye uliandika hii?"

"Ni minye."

"Na yote iko kweli?"

Nilimwambia ukuta unalowa, na hilo ni kweli. Kisha nikaendelea. "Ile neno ya makusudi niliongeza minye. Roho ya ule muntu siijui. Niliongeza ili barua yangu isikae chini ya zingine. Nilitaka atengeneze, sikutaka afe."

Aliichukua barua yangu mezani. Halafu akanisogezea karatasi.

"Basi uongo yako, ukule weye mwenyewe."

Nilidhani ananitania. Hakuwa anatania. Nikaichana vipande, nikaila mbele yao, kurasa mbili, pamoja na sahihi yangu. Askari walicheka. Fundi Yonasi hakucheka, alitazama chini. Nilipomaliza, komanda akaamuru fundi apelekwe kwangu atengeneze bomba mbele ya askari. Likivuja tena, akasema, turudishwe wote wawili.

Kwa hiyo tulitembea hadi Songo, yeye mbele, mimi nyuma, askari nyuma yetu. Walipomfungua kamba, vidole vyake havikuweza kushika jembe. Nilichimba mimi. Tulipofika kwenye kiungo cha bomba, nikaona kimefungwa kwa vipande vya nguo kuukuu, vimeoza. Nikashikwa na hofu, maana kazi ilikuwa mbaya kweli, na askari alikuwa anaona. Fundi Yonasi akanieleza kwa sauti ndogo. Duka lililouza katani ya kufungia mabomba lilikuwa limefungwa tangu mwenye duka alipokimbia. Nguo ile ilikuwa ya kushikilia kwa muda tu. Alimwambia mume wangu kwamba atarudi. Mume wangu akasahau kunipasha.

"Kosa iko yangu," akasema. "Ningerudi mbele ya leo. Lakini Mama Sifa, haukuniita."

Mama Elisa, aliyekuwa ametufuata hadi kwangu, akaenda kuleta katani kutoka nyumbani kwao. Ilikuwa imefika kutoka Bujumbura siku chache kabla ya waasi, na fundi alikuwa ameiweka tayari, amepanga kuja kwangu. Nilipolisikia hilo nilikaa kwenye udongo wa shimo nikalia. Fundi aliniambia niushike ufunguo wa bomba kwa nguvu, akanielekeza namna ya kukaza. Maji yalipofunguliwa, askari akapitisha kiganja kwenye kiungo, akakuta pakavu, akaenda zake.

Amani iliporudi, mimi na mume wangu tulikwenda kwao kuomba msamaha, wakatusamehe, tukala pamoja. Ukuta wangu ulikuwa umekauka ndani ya mwezi mmoja. Lakini kamba zile zilikuwa zimemharibu mkono wa kushoto, na vidole viwili havikujikunja tena. Karatasi yake ya ruhusa aliendelea kuwa nayo. Kazi yenyewe hakuiweza tena.

Basi, mwanangu, fundi akikuharibia kazi, lalamika; sikufundishi kunyamaza nyumba ikiharibika. Ila mwite yeye kwanza, msimame wote wawili mbele ya kilichoharibika, mkichimbe kionekane. Asipokuja, andika, na uandike ulichokigusa kwa mkono wako: mahali gani, tangu lini, maji kiasi gani. Nia yake iache, hukuiona. Wala usiongeze neno ili usikilizwe haraka, kwa sababu hujui karatasi yako itafika mikononi mwa nani.

Mungu akujalie nyumba kavu na usingizi ndani yake. Na siku utakapomkosea mtu, maana utamkosea, akupe miguu ya kumfikia angali mzima. Amina.